Unene, Hatua na Pengo katika Picha za CT

I. Sababu ya makala haya

Makala haya yahusu namba mbili ndogo zinazofuatana na kila mfululizo wa picha za CT, nazo ni unene wa kipande na umbali wa kipande kimoja kutoka kwa mwenzake. Huenda msomaji akashangaa kumwona mwanafunzi wa lugha akiingilia kazi ya waganga na mafundi wa mitambo. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba picha hizi si za hospitali peke yake siku hizi. Sisi tunaochunguza matamshi twazitumia kupima koo, kinywa na pua, ambamo sauti za lugha hutengenezwa. Ya pili ni kwamba kosa ninalotaka kulieleza ni kosa la maneno kwanza, na la hesabu baadaye. Anayezichanganya namba hizi mbili aghalabu anajua kuzidisha vizuri kabisa. Lakini neno alilopewa limebeba maana mbili, naye amechukua ile isiyofaa.

Nalisema hili kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosea. Nilipokuwa ng'ambo nikitayarisha shahada yangu ya udaktari, nilipewa mfululizo wa picha 136 za shingo ya mwanamume mzima, zilizopigwa kwa sababu za matibabu na kufutwa jina la mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kupima urefu wa koo, kuanzia kwenye nyuzi za sauti mpaka juu penye kaakaa laini. Katika maelezo yaliyofuatana na picha niliona namba moja, milimita 1.25. Nikahesabu picha zangu, nikazidisha, nikapata milimita 170. Sikushtuka. Nilishtuka siku ya pili yake, nilipokumbuka kwamba milimita 170 ni kama urefu wa njia nzima ya sauti ya mwanamume, kutoka nyuzi za sauti hadi midomoni; na mimi nilikuwa nimepima sehemu ya wima tu, ambayo ni karibu nusu ya njia hiyo. Mtu wangu alikuwa na koo maradufu ya koo la binadamu.

Nitaeleza jinsi kosa hilo lilivyotokea, na kwa nini laweza kutokea kwa mtu ye yote, awe mganga, mhandisi au mwanafunzi wa matamshi. Mwishoni nitapendekeza maneno ambayo nadhani yangetukinga.

II. Kipande na picha si kitu kimoja

Picha ya eksirei ya kawaida, ambayo Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895, ni kivuli. Mbavu za mbele, moyo, na uti wa mgongo vyote hulaliana katika karatasi moja, na mtazamaji sharti avitenganishe kwa akili yake. Katika CT, mionzi ile ile hupitishwa mwilini kutoka pande nyingi kwa kuzunguka, na kompyuta hukokotoa kutokana na vipimo hivyo ni kiasi gani cha mionzi kilichozuiwa na kila mahali ndani ya mwili. Matokeo yake ni kama kwamba mwili umekatwa kwa upana na kutazamwa kutoka upande wa miguu.

Hesabu ya kazi hii ilishughulikiwa mapema na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kuifikiria mwaka 1956 alipokuwa akisaidia kazi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mtambo wa kwanza wa kutumika hospitalini uliundwa Uingereza na Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 watu hawa wawili walishirikiana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Picha za mtambo ule wa kwanza zilikuwa na viraba 80 kwa 80. Kila kiraba kilikuwa na upana wa milimita 3 kila upande. Lakini kipande cha kichwa kilichopimwa kilikuwa na unene wa milimita 13. Basi kila kiraba kilichoonekana bapa katika picha kilikuwa kwa kweli nguzo fupi, milimita 3 kwa 3 kwa 13, iliyosimamishwa wima. Nguzo hii wataalamu huiita vokseli, na uso wake unaoonekana katika picha huitwa pikseli.

Hapa ndipo pa kuanza kutofautisha maneno. Picha haina unene. Ni mchoro tu juu ya kioo au karatasi. Kipande kina unene. Ni sehemu ya mwili. Picha moja yatueleza habari za kipande kimoja, lakini haituonyeshi kitu gani kiko juu na kitu gani kiko chini ndani ya kipande hicho. Vyote vilivyomo katika nguzo moja vimechanganywa na kupewa rangi moja ya wastani. Mfano wake ni mtu aliyekata slesi ya mkate wenye zabibu, akaigawa kwa viraba vidogo, akasaga kila kiraba peke yake, kisha akapaka juu ya karatasi rangi ya unga wa kila kimoja. Ukiitazama karatasi hiyo utajua kiraba gani kilikuwa na zabibu nyingi. Hutajua zabibu ilikuwa juu au chini.

III. Unene, na bei yake

Unene wa kipande, basi, ni kiasi cha mwili kilichochanganywa ili kupata picha moja. Si vigumu kuonyesha kwa hesabu madhara ya kuchanganya kwingi. Rangi za picha za CT hupimwa kwa kipimo kilichopewa jina la Hounsfield, ambacho ndani yake maji ni 0 na hewa ni −1000. Tuseme mapafu katika mahali fulani yana kipimo cha −850, na ndani yake kuna kivimbe kidogo cha nyama chenye kipimo cha 40 na kimo cha milimita 4. Kama kipande kina unene wa milimita 10, kivimbe kimejaza sehemu 4 tu katika 10 za nguzo yake, na sehemu 6 ni mapafu. Wastani wake ni 40 mara 0.4 kuongeza −850 mara 0.6, yaani −494. Mtazamaji haoni nyama, aona ukungu. Lakini kama kipande kina unene wa milimita 1, kitakuwako kipande kilichomo chote ndani ya kivimbe, na hapo namba itakuwa 40, nayo ni nyama dhahiri.

Kwa sababu hiyo mtu angedhani kwamba vipande vyembamba ni bora siku zote. Sivyo. Kipande chembamba hupokea mionzi michache, na mionzi ikiwa michache picha huwa na chembechembe, kama sauti ya redio iliyo mbali na kituo chake. Chembechembe hizi huongezeka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha upungufu wa mionzi: ukipunguza unene kutoka milimita 5 hadi 1.25, yaani robo yake, chembechembe huwa maradufu, madhali mambo mengine hayakubadilishwa. Ukitaka picha iwe safi kama kwanza, yakupasa kumpa mgonjwa mionzi mara nne. Hivyo unene ni mapatano kati ya kuona vitu vidogo, kuona kwa usafi, na kumhurumia mgonjwa.

Yafaa pia kujua kwamba unene una mlango wa upande mmoja. Vipande vyembamba vyaweza kuunganishwa baadaye vikawa kipande kinene, kwa kuchukua wastani wao. Lakini kipande kinene, kikishachanganywa, hakigawanyiki tena. Unga haurudi kuwa zabibu. Vipimo ghafi ambavyo vingewezesha kukata upya hukaa katika mtambo kwa muda mfupi tu, kisha hufutwa ili kupisha vya wagonjwa wengine. Ndiyo maana mwongozo wa chama cha Fleischner wa mwaka 1917 + 100, yaani wa 2017, kuhusu vivimbe vya mapafu, wataka picha zote za CT za kifua cha watu wazima zitengenezwe na kuhifadhiwa kwa vipande vyembamba, visivyozidi milimita 1.5 na kwa kawaida milimita 1, vilivyofuatana bila kuachana.

IV. Matofali, nguzo na makuti

Maneno hayo ya mwisho, "bila kuachana," yatuleta kwenye namba ya pili. Tumekwisha kujua kila kipande ni kinene kiasi gani. Sasa twauliza: kutoka kipande hiki mpaka kinachofuata ni umbali gani? Kipimo hiki huchukuliwa kutoka katikati ya kipande kimoja hadi katikati ya mwenzake. Mambo matatu yaweza kutokea, na yote matatu fundi wa nyumba ayajua.

La kwanza ni la matofali yaliyopangwa bila udongo kati yao. Tofali lagusana na tofali. Ukipima kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya la pili, utapata kimo kile kile cha tofali moja. Katika hali hii unene na umbali ni namba moja, kwa mfano milimita 5 na milimita 5, na atakayezichanganya hatapata hasara. Nayo ndiyo hatari yake, maana mtu hujifunza mazoea mabaya pasipo kuadhibiwa.

La pili ni la nguzo za ua. Nguzo ina unene wa inchi 4, lakini kutoka nguzo mpaka nguzo ni futi 6. Kati yao pana uwazi. Picha za mapafu zimetumika hivi kwa miaka mingi katika kuchunguza magonjwa yaliyoenea pafu zima: kipande cha milimita 1, kisha kuruka, kisha kingine milimita 10 mbele. Kati ya kipande na kipande mna milimita 9 za mwili ambazo hazikupigwa picha kabisa. Kivimbe cha milimita 6 chaweza kulala humo kwa raha, kisionekane katika picha hata moja.

La tatu ni la makuti. Aezekaye nyumba hapangi kuti lianzie pale lilipoishia lingine, mvua ingeingia. Kila kuti hupanda juu ya mwenzake, hata sehemu kubwa ya kuti imefunikwa. Kuti ni pana, lakini umbali kutoka kuti hadi kuti ni mdogo. Vipande vya CT navyo huweza kupandana hivi: unene milimita 5, umbali milimita 2.5, ambapo kila mahali mwilini pamechukuliwa katika vipande viwili.

Jambo hili la tatu lilikuwa ghali katika mitambo ya zamani, kwa sababu kila kipande kilipigwa mbali na kingine, kitanda kikisogezwa kidogo kidogo, na kupandisha vipande kulikuwa ni kumpiga mgonjwa mionzi mara mbili mahali pamoja. Mwaka 1989 Willi Kalender na wenzake wa Ujerumani walitangaza njia ya kupiga kwa mzunguko wa hesi: mtambo wazunguka na kitanda chateleza bila kusimama, hata njia ya mionzi ikawa kama nyuzi za parafujo. Tangu hapo mahali pa kutengenezea vipande pamekuwa ni uamuzi wa kompyuta baada ya mgonjwa kushuka kitandani. Vipande vyaweza kupandana tupendavyo pasipo kuongeza mionzi hata kidogo.

Lakini tusidanganyike. Kupandisha vipande hakuvifanyi kuwa vyembamba. Kama kila kipande ni cha milimita 5, kila picha bado imechanganya milimita 5 za mwili, hata kama picha zimekaribiana kwa milimita 1. Faida yake ni kwamba kivimbe kidogo kitapata kipande ambacho katikati yake imekiangukia vizuri, na umbo linalojengwa kutokana na picha hizo halitakuwa na ngazi-ngazi. Hasara ni kwamba mtu akiona picha 300 badala ya 60 hudhani ameletewa uchunguzi wa ndani zaidi. Wingi wa picha watokana na umbali. Undani wa picha watokana na unene.

V. Neno "nafasi" na udhaifu wake

Sasa twaweza kurudi kwenye lugha. Nimewasikia wanafunzi na wauguzi wakiuita umbali huu "nafasi baina ya vipande." Ni tafsiri ya kwanza ambayo humjia mtu, na kwa sikio haina kasoro. Lakini tuchunguze neno nafasi katika matumizi yake. Twasema: Hapana nafasi ya kukaa, nipishe nafasi, acha nafasi kati ya neno na neno. Katika semi hizi zote nafasi ni uwazi, mahali pasipo na kitu. Mwambie fundi aweke nguzo kwa nafasi ya futi 6: mmoja atapima futi 6 za uwazi, kutoka ubavu wa nguzo hii hadi ubavu wa ile, mwingine atapima kutoka moyo wa nguzo hadi moyo wa nguzo. Kwa nguzo 2 tofauti ni inchi 4 tu. Kwa nguzo 60 ni karibu futi 20 za ua.

Tena, tukilishika neno nafasi kwa maana yake ya uwazi, vipande vinavyogusana vitakuwa na nafasi ya sifuri, na vipande vinavyopandana vitakuwa na nafasi iliyo chini ya sifuri, jambo ambalo hakuna mtu alisemaye katika Kiswahili. Basi msikiaji akiambiwa kwamba nafasi ni milimita 5 na unene ni milimita 5, ana haki ya kufikiri kwamba kati ya kipande na kipande pameachwa milimita 5 za mwili zisizopigwa. Kumbe hapakuachwa kitu.

Tusidhani kwamba udhaifu huu ni wetu peke yetu. Neno la Kiingereza litumiwalo kwa jambo hili lina shaka ile ile, na kanuni ya kimataifa ya kuhifadhi picha za hospitali, iitwayo DICOM, imelazimika kueleza waziwazi kwamba umbali hupimwa kutoka katikati hadi katikati. Hata hivyo imewahi kutokea kwamba mitambo mingine ikaandika mahali pale ukubwa wa uwazi. Wahandisi wenye elimu kubwa walisoma neno moja wakapata namba mbili.

VI. Hesabu

Madhara ya machafuko haya huonekana tunapopima urefu na ujazo. Kanuni ya urefu ni nyepesi. Ukiwa na picha kadhaa, hesabu miruko kati yao, ambayo siku zote ni pungufu kwa moja kuliko picha. Zidisha kwa umbali. Kisha ongeza unene wa kipande kimoja, kwa kuwa kipande cha kwanza na cha mwisho kila kimoja chatokeza nusu yake nje.

Chukua mfululizo wa picha 60 zenye unene wa milimita 5 na umbali wa milimita 2.5. Miruko ni 59, mara 2.5 ni 147.5, kuongeza 5 ni milimita 152.5. Anayezidisha picha kwa unene atapata milimita 300. Kiungo kimekuwa kirefu karibu maradufu. Sasa chukua picha 30 za mapafu zenye unene wa milimita 1 na umbali wa milimita 10. Miruko 29 mara 10, kuongeza 1, ni milimita 291, ambao ni urefu wa kifua cha mtu. Anayezidisha kwa unene atapata milimita 30: mapafu yaliyobanwa yakawa kama andazi lililokaliwa.

Kwa ujazo, kanuni ni ya zamani. Misingi yake aliiweka Bonaventura Cavalieri wa Italia katika kitabu cha mwaka 1635. Pima eneo la kiungo katika kila picha, jumlisha maeneo yote, kisha zidisha kwa umbali kati ya picha. Angalia kwamba unene haumo kabisa katika kanuni hii. Daktari apimaye uvimbe ili ajue kama dawa yapunguza ugonjwa, akitumia unene katika mfululizo wa kwanza na umbali katika wa pili, aweza kuona uvimbe umepungua kwa nusu na hali haukupungua hata kidogo. Hapo kosa la neno limekuwa jambo la uhai wa mtu.

Nirudi kwa koo langu. Unene wa vipande ulikuwa milimita 1.25 kama ilivyoandikwa. Lakini vilipandana nusu kwa nusu, na umbali wa kweli ulikuwa milimita 0.625. Miruko 135 mara 0.625, kuongeza 1.25, ni karibu milimita 86. Hilo ndilo koo la binadamu.

Kwa mtu wa matamshi tofauti hii si ndogo. Tangu Gunnar Fant wa Sweden alipochapisha mwaka 1960 uchunguzi wake wa picha za eksirei za msemaji wa Kirusi, tumejua kukadiria irabu kutokana na umbo la njia ya sauti. Kwa irabu isiyoelemea upande wo wote, njia hiyo yaweza kuchukuliwa kama bomba lililozibwa upande mmoja, na mvumo wake wa kwanza ni mwendo wa sauti, mita 350 kwa sekunde, kugawanya kwa urefu mara nne. Bomba la milimita 170 latoa mvumo wa mizunguko 515 kwa sekunde. Bomba langu, lenye koo la milimita 170 na kinywa cha milimita 85, lilitoa 343. Kama nisingalikumbuka kipimo cha mwili, ningaliandika kwamba mtu huyu husema irabu ambazo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitoa, na labda ningaliitafutia lugha yake sababu.

VII. Pa kuutafuta umbali wa kweli

Aliyenitoa gizani alikuwa fundi wa picha, mzee mpole, ambaye hakunieleza neno lo lote ila aliniambia nisiamini namba iliyoandikwa, bali nitazame kila picha yasimama wapi. Katika mafaili ya DICOM kila picha hubeba mahali pake: namba tatu zioneshazo pembe yake ya kwanza iko wapi, kwa milimita. Picha yangu ya kwanza ilisimama kwenye −212.500 na ya pili kwenye −211.875. Toa moja katika nyingine, nawe umepata 0.625. Namba hii haihitaji tafsiri, maana haikuandikwa kwa neno lenye shaka. Imetoka katika kupima.

Yapasa kutoa hesabu hiyo kwa kila picha na jirani yake, si kwa mbili za kwanza tu. Mafaili huweza kupangwa ovyo, na faili moja laweza kupotea njiani. Likipotea, mahali pamoja umbali utaonekana maradufu, na asiyetazama atauondoa mlimani ule mfupa uliokuwapo. Kadhalika mtambo huinamishwa mara nyingine wakati wa kupiga kichwa. Hapo kitanda kikisogea milimita 5 na mtambo umeinama nyuzi 20, umbali wa kweli kati ya vipande, ukipimwa kwa kuvikata mraba, ni milimita 4.7 tu, na rundo la picha limelala upande kama karata zilizosukumwa.

VIII. Maneno ninayoyapendekeza

Kwa umbali kutoka katikati hadi katikati napendekeza neno hatua. Sababu yangu ni matumizi yake ya asili. Watu wetu hupima kiwanja kwa njia mbili. Njia moja ni kupima kwa nyayo, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Nyingine ni kupima kwa hatua. Apimaye kwa hatua hahesabu uwazi uliopo kati ya miguu. Ahesabu kutoka kisigino hadi kisigino, na urefu wa wayo hauingii katika hesabu yake. Hivyo ndivyo hasa vipande vilivyo: unene ni wayo, na umbali ni hatua. Mwenye hatua sawa na wayo wake apanga matofali. Mwenye hatua ndefu asimamisha nguzo. Mwenye hatua fupi kuliko wayo aezeka makuti.

Kwa uwazi usiopigwa picha tuseme pengo, neno ambalo kila mtoto aliyeng'oka jino alijua. Na kwa vipande vilivyolaliana tuseme mpandano. Basi hatua ikizidi unene, tofauti yao ni pengo. Unene ukizidi hatua, tofauti yao ni mpandano. Zikiwa sawa, hapana pengo wala mpandano. Maneno manne yamekaa katika kanuni moja, na hakuna moja linalofanya kazi ya jirani yake.

Neno nafasi silikatazi. Lina kazi zake nyingi na njema. Naomba tu lisiandikwe juu ya fomu ya hospitali wala katika kitabu cha kufundishia mahali ambapo namba itazidishwa. Wenye ujuzi wa mitambo kuliko mimi, na wenye Kiswahili kuliko mimi, na wayapime maneno haya, na wakipata yaliyo bora wayaandike. Mradi asitokee mwanafunzi mwingine akarefusha koo la mtu kwa sababu neno lilimwambia moja na mwili ukamwambia lingine.